Orodha Mbili

Februari 2017, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliwaita waandishi wa habari akasoma majina. Yalitoka kwa awamu: wasanii, askari polisi, kisha wanasiasa, wafanyabiashara, hata mhubiri mashuhuri. Waliotajwa walitakiwa kuripoti Kituo Kikuu cha Polisi. Wanaodaiwa kuuza dawa za kulevya na wanaodaiwa kuzitumia waliwekwa kwenye kapu moja, na kwa siku kadhaa nchi haikuwa na mazungumzo mengine. Wapo waliotajwa ambao hawakuwahi kuthibitishiwa lolote. Hilo halikuwazuia watu kuisubiri awamu inayofuata kwa hamu kubwa.

Upande wa Upanga, si mbali na kituo hicho, kulikuwa na orodha nyingine ambayo hakuna aliyeiitia waandishi. Ilianza Februari 2011, pale Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipofungua kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini. Mauritius walikuwa wametangulia mwaka 2006, lakini Afrika bara, kusini mwa Sahara, huo ulikuwa mpango wa kwanza wa aina yake katika hospitali ya umma. Majina kwenye daftari la Muhimbili yalitolewa na wenyewe. Watu ambao kwa miaka walikuwa wamebadilisha mitaa, laini za simu na hata majina ili wasijulikane, sasa walikuwa wanapanga foleni kila asubuhi, mchana kweupe, ili watambuliwe kwa jina na namba kabla ya kupewa dozi.

Ninaitaja tofauti hiyo kwa sababu tunapenda kulichukulia jambo la kujieleza kuhusu uraibu kama suala la ujasiri. Mraibu ajitokeze, avunje ukimya, asione aibu. Kampeni zote husema hivyo, na mabango yake huwa na picha ya kijana anayetazama machweo. Lakini waliofika Muhimbili hawakuwa jasiri kuliko wenzao wa mwaka 2005 au 1995. Kilichobadilika ni kwamba kwenye dirisha la kliniki kulikuwa na kitu.

Unga, yaani heroini, haukuzaliwa huku. Afyuni ililimwa Afghanistan, ikageuzwa heroini, ikashushwa pwani ya Makran upande wa Iran na Pakistan, kisha ikapakiwa majahazini na kuingizwa Bahari ya Hindi, katika maji yale yale ambayo wazee waliyavuka na tende, mazulia na boriti. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ililisimamisha jahazi moja nje ya Mombasa na kulikuta na kilo 1,032 za heroini. Mzigo wa namna hiyo hauji kwa ajili ya vijana wa Kisauni. Unapita tu kwenda kwenye masoko yenye fedha. Shida ni kwamba mzigo unaopita huacha makombo. Wabebaji na walinzi wengine hulipwa kwa bidhaa badala ya fedha, na bidhaa hiyo lazima iuzwe mahali. Ndivyo kete, vipakiti vya unga, zilivyoingia Mombasa, Malindi, Lamu, Unguja na Dar es Salaam kuanzia miaka ya 1980. Mwanzoni ilikuwa brauni, ya kuvuta na sigara au kuchanganya na bangi. Karne ilipogeuka ukaja unga mweupe unaoyeyuka kwenye maji, na sindano ikafuata.

Na sindano ikaleta virusi. Mwaka 2005 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilieleza jambo lililoonekana Dar es Salaam: wanawake waliokosa fedha ya kete walikuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga muda huo huo, wakiamini imebaki na unga wa kutosha kutuliza arosto, maumivu ya kuukosa unga. Wataalamu walishtuka, kwa haki kabisa, kwa kuwa ni vigumu kubuni njia ya haraka zaidi ya kuambukizana Ukimwi. Ila kuna upande wa pili ambao haukuzungumzwa sana. Aliyetoa damu alikuwa anamwonea huruma mwenzake. Alimwona anatetemeka, hakuwa na fedha ya kumpa, akampa kile alichokuwa nacho mshipani. Huo ulikuwa msaada. Ndio uliokuwepo.

Asiyeijua arosto huipima kwa homa aliyowahi kuugua, na anakosea. Baada ya masaa 8 hadi 12 tangu kete ya mwisho, pua huanza kutiririka, miayo haikatiki, vinyweleo vinasimama, tumbo linaharisha, miguu inauma mpaka mtu anaipiga ukutani. Hali hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua polepole kwa takriban wiki. Kwa mtu mwenye afya ya wastani, arosto ya heroini kwa kawaida haiui. Anayeipitia haamini hivyo, na kwa wakati ule maoni yake ndiyo yanayoendesha nyumba.

Maana nyumba huwa imeshajua. Hapa ndipo mahubiri ya kuvunja ukimya yanapokosea shabaha. Tunadhani mraibu ana siri, na kwamba siku akiitoa familia itapigwa na butwaa. Ukweli ni kwamba sufuria zilishaanza kuondoka zamani. Ikafuata feni, ikafuata mtungi wa gesi, ikafuata simu ya dada, ambayo iliibwa na mtu asiyejulikana aliyeingia bila kuvunja mlango na kutoka bila kumwamsha mbwa. Mama anajua. Jirani anajua na ameshahamisha kuku. Muuza duka anajua, ndiyo maana hakopeshi. Imamu anajua, padri anajua. Asiyejua pengine ni baba, na hata yeye hajui kwa kuamua.

Kwa hiyo siku kijana anapomkalisha mama yake na kusema, "Mama, mimi natumia, nimechoka," hampi habari. Anamkabidhi kazi. Kabla ya hapo wote wawili walikuwa na ruhusa ya kujifanya hawajui, na ruhusa hiyo, pamoja na ubaya wake, ilikuwa inawawezesha kula chakula cha usiku pamoja. Sasa imefutwa. Mama hawezi tena kuuliza feni iko wapi. Inambidi aulize: tunafanyaje? Akikosa jibu, hasira yake huangukia kwa aliyemuuliza swali. Nadhani familia nyingi zinazoitwa katili kwa kumfukuza mraibu aliyejieleza si katili kiasi hicho. Zimeulizwa swali ambalo hakuna mtu, tangu mjumbe wa shina mpaka wizara, aliyewahi kuzipa jibu lake.

Mficha uchi hazai. Methali hii haikosi kwenye hotuba za Juni 26, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, ikisindikizwa na fulana mpya na maandamano ya shule za msingi. Ni methali ya kweli. Lakini aliyeitunga alikuwa na uhakika kwamba ukishajifunua, mbele yako yupo mkunga, ana maji ya moto, ana wembe safi, na ameshazalisha wengine. Hotuba zetu humhimiza mzazi avue nguo, kisha humwacha chumbani peke yake.

Pasipo mkunga, familia hubuni. Tiba ya kwanza ni kumfungia ndani. Chumba, komeo, ndoo, uji unaopitishwa dirishani, na ndugu wawili wenye misuli. Wiki ikipita arosto imekwisha, kijana amenenepa kidogo, watu wanashukuru Mungu. Wasichokijua ni kwamba wiki ile mwili umesahau uzoefu wake. Kipimo alichokuwa akikihimili mwezi uliopita sasa kinaweza kuzima pumzi yake. Ndiyo sababu watumiaji wengi hufa si wakati wa kutumia sana, bali punde baada ya kutoka: kutoka jela, kutoka chumba kilichofungwa, kutoka kituo cha kuachia unga. Ipo dawa, naloksoni, inayoweza kumrudisha mtu aliyezidisha heroini ndani ya dakika chache. Ingefaa kuwa mikononi mwa kila anayekaa kijiweni. Mara nyingi iko kabatini, na kabati lina ufunguo.

Tiba ya pili ni shamba. Anapelekwa kwa mjomba Handeni, au kwa bibi Kilifi bara, mbali na vishawishi, akalime. Wapo waliosaidika. Wengine wamekuwa wageni wa kwanza kuuliza unga mahali ambapo haukuwahi kuulizwa, na biashara ni biashara. Tiba ya tatu ni kisomo au maombi, kulingana na nyumba, kwa dhana kwamba karogwa na wenye husuda. Sina ugomvi na dua. Imewatuliza wengi na kuwapa jamaa ya kuketi nayo jioni. Ugomvi wangu ni na yule anayedai ada kubwa ili amtaje aliyeroga, kwa sababu mara nyingi humtaja shangazi.

Tiba ya nne ni kumuoza. Hii inastahili kusemwa kwa sauti. Kijana anatumia, wazee wanakaa, wanaafikiana kwamba akipata majukumu atatulia. Anatafutiwa binti wa watu ambaye hakuhudhuria kikao hicho. Miezi michache baadaye sasa wako wawili wanaoficha, na mmoja wao anaficha kitu ambacho hakukianzisha.

Methadoni inafanya kazi tofauti na yote hayo, na mantiki yake si ngumu. Ni dawa ya jamii moja na heroini. Inakaa kwenye vipokezi vile vile vya ubongo, lakini inakaa muda mrefu. Heroini hupanda kwa kishindo na kushuka haraka, ikimlazimisha mtu kuitafuta mara tatu, nne kwa siku. Methadoni hupanda taratibu na kubaki usawa mmoja karibu siku nzima. Dozi moja asubuhi, mbele ya muuguzi, na arosto haiji. Vincent Dole na Marie Nyswander waliuonyesha utaratibu huu New York katikati ya miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu. Si uvumbuzi wa jana.

Pingamizi la mtaani linajulikana: wamemtoa kwenye unga wakamtia kwenye maji, ulevi ni ule ule. Nimelisikia kwa watu wenye akili timamu, na lina chembe ya ukweli, kwa sababu mwili wa anayetumia methadoni unaitegemea. Akikatishwa ghafla ataumwa. Lakini pingamizi hilo linaangalia kilichomo kwenye kikombe na kusahau siku yenyewe. Mtumiaji wa unga ana ajira ya kutwa: kutafuta fedha, kutafuta kete, kutafuta pembe ya kujidungia, kuwakimbia askari, kuanza upya. Mwenye methadoni anamaliza shughuli hiyo asubuhi na mapema. Saa zinazobaki ni zake, na wengi mwanzoni hawajui la kuzifanyia. Haibi, hajidungi kwa sindano ya mtu, na kama ana virusi au kifua kikuu, muuguzi anamwona kila siku na anaweza kumpa dawa hizo hapo hapo. Kati ya faida zote, hii ya mwisho ndiyo iliyowashawishi wafadhili.

Kutoka Muhimbili huduma ilihamia Mwananyamala na Temeke, kisha Mbeya, Mwanza, Dodoma, Tanga na kwingineko; upande wa Unguja ikaanzishwa Kidongo Chekundu. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014, Mathari jijini Nairobi, kisha Malindi mwaka uliofuata. Malindi haikuwa ngeni kwa jambo hili: Mradi wa Omari ulikuwa ukiwahudumia watumiaji wa heroini tangu 1995, wakati ambapo wakuu wengi wa nchi walikuwa bado wanasema tatizo hilo ni la watalii. Tanzania peke yake sasa inahesabu zaidi ya watu elfu kumi waliosajiliwa. Kila mmoja wao alijitaja mara kadhaa: kwa mwelimishaji aliyemkuta kijiweni, kwa muuguzi, kwa daktari, na mara nyingi kwa ndugu mmoja aliyetakiwa aje kumdhamini.

Yule mwelimishaji wa kijiweni apewe haki yake. Mara nyingi ni mtu aliyewahi kutumia. Anafika maskani bila kalamu wala kizibao cha shirika, anakaa, anasalimia kwa lugha ya pale, anaondoka. Kesho anarudi. Hamwambii mtu aache. Anaulizia kidonda kilichovimba mguuni, anatoa bandeji, anamtaja fulani aliyekuwa analala pale pale na sasa ana mkokoteni wake. Siku mtu akimwambia, "Kaka, hebu nipeleke," yeye ndiye wa kwanza kuyasikia maneno ambayo baadaye tutayaita ujasiri. Maneno yenyewe, kama unavyoona, hayana ushujaa mwingi. Yana uchovu, na yana mtu wa kuambiwa.

Njia ya soba ni nyingine. Katika miaka ya mwisho ya muongo wa kwanza wa karne hii, Zanzibar ilianza kuwa na soba, nyumba za kuachia unga zilizofunguliwa na walioacha wenyewe. Kijana hukaa humo miezi kadhaa na wenzake, bila methadoni, akifuata ratiba ya kazi za nyumbani, ibada na mikutano ya hatua kumi na mbili. Hatua hizo zina asili yake Akron, Ohio, mwaka 1935, kwa walevi wawili wa Kimarekani walioanzisha Alcoholics Anonymous. Kanuni yao kuu ni kutojulikana: unajitaja kwa jina la kwanza tu, na yanayosemwa chumbani hubaki chumbani.

Sasa ipeleke kanuni hiyo Ng'ambo au Mji Mkongwe, ambako jirani anajua umepika mchuzi gani na ulikopa nazi kwa nani. Kijana anasimama, anasema anaitwa Juma, ni mraibu. Robo ya waliomo wamesoma naye chuoni, mmoja ni binamu, na aliyekaa mlangoni anamdai. Kutojulikana kwa namna ya Ohio hakuwezekani. Na bado mikutano hiyo imewafaa watu. Nadhani ni kwa sababu ilitoa kitu kingine kabisa: chumba ambamo wanaokujua wote wako kwenye hali moja na wewe. Anayekudai naye amesimama na kusema alimwibia mama yake bangili. Baada ya hapo ni vigumu kwenda kukusengenya barazani, kwa kuwa baraza ina masikio mawili. Wamarekani walilindana kwa kutojuana. Huku watu wamelindana kwa kujuana mno.

Kasoro ya soba nyingi ni kwamba huchukulia kuteleza kama usaliti. Aliyerudia unga hutolewa, wakati mwingine usiku ule ule, ili asiwavute wengine. Naelewa sababu yake. Lakini ukiweka kanuni kwamba anayesema ameteleza anapoteza kitanda, umeshaamua kwamba hutaambiwa.

Kwa wanawake mambo yote haya huwa magumu maradufu. Katika miaka ya mwanzo pale Muhimbili walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi, ingawa vijiweni hawakuwa wachache kiasi hicho. Mwanaume akijieleza anaambiwa amepotoka, atarudi. Mwanamke anaulizwa fedha ya kete ilitoka wapi, na jibu lolote atakalolitoa limeshatungiwa hadithi. Anaweza kutalikiwa, watoto wakachukuliwa na bibi yao wa upande wa baba, na mtaa ukaona hukumu imekaa sawa. Mwanamke anayenyamaza katika mazingira hayo si mwoga, amepiga hesabu. Soba na kliniki zinazompa nafasi ya kuja na mtoto ni chache, na ziliko, wanawake huja.

Kisha kuna sheria. Tanzania na Kenya, kutumia dawa hizi kwenyewe ni kosa, mbali na kuuza. Maana yake kila anayejieleza anakiri jinai, na kliniki inategemea uungwana wa askari wa eneo hilo kutosimama kwenye foleni na pingu. Kwa kawaida hawasimami. Mgonjwa anayeandikiwa dawa ya shinikizo la damu, hata hivyo, haulizwi kama OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ni mtu mwelewa.

Pombe nitaigusa kwa ufupi, kwa kuwa ni halali na kwa hiyo tumekubaliana kuiita starehe. Jambo moja lijulikane: tofauti na unga, kumwachisha ghafla mnywaji mkubwa wa kila siku kunaweza kumuua. Kutetemeka hufuatiwa na degedege na kuweweseka, na huyo anahitaji daktari, si komeo. Julai 2015, Rais Uhuru Kenyatta alipoamuru pombe za bei nafuu ziangamizwe Kenya ya kati, wabunge waliongoza umati kumwaga mapipa mbele ya kamera. Kwa mtu aliyekuwa akinywa tangu alfajiri kila siku, amri hiyo ilikuwa ya kitabibu, imetolewa bila kitanda.

Ushuhuda wa hadharani nao una matumizi yake. Desemba 2012 mwimbaji Ray C alikwenda Ikulu kumshukuru Rais Jakaya Kikwete aliyemsaidia kupata matibabu ya uraibu. Picha ile, ya msanii na rais wamekaa wakizungumza, ilifanya kazi ambayo mabango mia yasingeifanya. Ilionyesha kwamba mtu unayemjua kwa sauti anaweza kuwa mgonjwa, na mgonjwa huyo anaweza kukaribishwa kiti. Miaka minne baadaye nchi ile ile ilikuwa inasomewa majina. Hilo linatosha kuonyesha kwamba huruma ya mkubwa mmoja si sera.

Lakini nina mashaka na jinsi redio na televisheni zetu zinavyowatumia waliopona. Kijana ana miezi mitatu bila unga, anaitwa studio, anasimulia alivyoiba, alivyolala jaani, mtangazaji anafuta machozi, simu zinaita. Anatoka pale akiwa mfano. Mfano hauruhusiwi kuteleza. Uraibu ni maradhi ya kurudiarudia. Wengi hujaribu zaidi ya mara moja kabla ya kusimama. Siku yule kijana akirudia kete moja, atamwambia nani? Mama alishamtangaza msikitini. Soba ilishaweka picha yake ukutani. Mtaa mzima ulishamsikia. Amebaki na watu wawili tu wasioshangaa: mwelimishaji wa kijiweni, na muuza unga. Mmoja wao anapatikana usiku kucha.

Na mlango wenyewe wa huduma haujajengwa kwa matofali yetu. Sehemu kubwa ya huduma hii, Tanzania na Kenya, ilisimamishwa kwa fedha za Marekani zilizolenga Ukimwi. Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada ya nje, waelimishaji wa mitaani walikuwa kati ya wa kwanza kuambiwa wakae nyumbani. Hao ndio waliokuwa wakiambiwa maneno ya mwanzo. Ukiwaondoa, kikombe kinaweza kubaki dirishani, ila njia ya kukifikia inaota majani.

Hata pale mlango unapobaki wazi, lazima uufikie kila siku. Jumapili, Krismasi, Idi, mvua ya masika. Methadoni hunywewa, na kinywaji hufunguza. Kliniki isiyobadilisha saa zake Ramadhani inamlazimisha mgonjwa aliyemwambia mkewe tu kuueleza mtaa mzima. Anayeishi Mbagala au Chanika anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, siku saba kwa wiki, na wengi hawana kazi. Nchi nyingine humpa mgonjwa aliyetulia dozi za kubeba nyumbani; Machi 2020, korona ilipoingia, Marekani iliruhusu hadi dozi za siku 28 kwa wakati mmoja. Huku kusita kumekuwepo, na hoja ya kusita ipo: dozi inaweza kuuzwa, au kunywewa na mtoto.

Kwa hiyo mchukue kijana aliyefanya kila tulichomwambia. Amejieleza kwa mama, kwa mwelimishaji, kwa muuguzi, kwa daktari. Ana mwaka bila sindano. Amepata kazi kiwandani, zamu inaanza saa moja asubuhi. Dirisha la kliniki linafunguliwa karibu na saa hiyo hiyo, na foleni ni ndefu. Sasa amebakiza mtu mmoja wa kumwambia, naye ni msimamizi wa zamu, ambaye fedha za kiwanda zikipotea atakumbuka mazungumzo hayo. Wiki ya kwanza kijana atasema anaumwa jino. Wiki ya pili atakuwa na msiba. Aliacha kudanganya kwa ajili ya unga, sasa anadanganya kwa ajili ya dawa, na misiba ya kusingizia ina kikomo. Ukoo hata uwe mkubwa vipi, una watu wa kuhesabika.